Senti Kumi ya Cherehani

Ilikaa chini ya skrubu ya gurudumu
mahali pa wosha iliyopotea,
tangu mama akishona sare za watoto wa Ngara,
kola baada ya kola.
Mimi nilirithi mashine, deni la uzi
na kiti kisicho na mgongo.
Fundi wa kutia mafuta ndiye aliyeitoa.
"Hii ni pesa," akasema,
akaipangusa kwa paja la suruali.

Senti kumi. Tundu katikati,
pembe mbili za ndovu zimelikumbatia,
mwaka 1936, na jina la mfalme
aliyekiacha kiti kabla hajavikwa taji.
Sura yake haimo.
Palipostahili uso pana hewa.

Makokha wa duka la simu alishika kichwa:
"Hakumaliza hata mwaka, huyu! Basi ni adimu.
Itume ng'ambo ipimwe, ifungiwe kwenye kasha,
ipewe namba. Utahama Kariobangi."
Usiku ule nilihama mara tatu,
nikaamka palepale.

Nikapiga hesabu kwa chaki ya kushonea
juu ya kitambaa cheusi cha mteja:
ada ya wapimaji, elfu nne na mia tano;
kwenda na kurudi, elfu sita;
bima;
ushuru, kama forodha wameamka vibaya.
Nikaifuta jumla kwa kiganja, nikajumlisha upya.
Ikaja ileile, na suruali ya watu ina vumbi.

Basi nikapanda ngazi za Hasmukh, Biashara Street,
juu ya duka la mablanketi.
Akabana lenzi jichoni.
Feni ikazunguka. Ikazunguka.
"Umeiosha?"
Ndimu kidogo, nikasema. Na majivu, kidogo.
Akafumba jicho lililobaki
kama mtu aliyeletewa msiba wa mbali.
"Na hili duara?"
Skrubu. Miaka arobaini.
"Wapimaji huanza na makosa, mama.
Wataandika: imesuguliwa, imekwaruzwa. Namba hutapewa.
Utalipa elfu kumi na ushee
uambiwe ninachokuambia bure."

Lakini mfalme, nikasema.

Akainama chini ya meza, akatoa kopo la mafuta ya kupikia
akalimwaga: wafalme haohao,
mamia, wote hawana uso.
"Walizipiga kwa mamilioni. Mtu akijiuzulu
mashine haipati habari siku hiyo.
Hii yako nikikupa mia moja,
nimekununulia chai na mandazi."

Nikanyosha mkono kuichukua.
Mkono wa kitenge ukaikumba,
ikateleza, ikaingia kwenye lundo
bila hata kulia.

Hasmukh alicheka, kisha akaacha.
"Chukua yoyote. Tazama hii, shaba yake bado nyekundu,
pembe zimesimama. Hii ndiyo ya kupima. Chukua."
Nikaisukuma kando.
Nikazisukuma nzuri zote kando, moja moja,
muuza saa akaja, akahudumiwa, akaondoka,
na mimi bado nimeinamia meza ya watu
kama anayechambua mchele.

Jicho halikuiona. Ni kidole gumba:
lile duara, ule mfereji mwembamba
uliochimbwa na nguo zote zile,
kosa la kwanza katika orodha ya wapimaji.
Nikaifumbata.
"Unalia, mama?"
Vumbi la kopo lako, nikamwambia.

Kirinyaga Road wosha ya chuma ni shilingi kumi.
Nikanunua mbili, moja ya kupoteza.
Sasa ni usiku, stima imerudi,
chuma kiko chini ya skrubu na kinafanya kazi,
ila mashine inagonga kidogo
kila nikikata kona ya kola.
Senti iko hapa kando ya mkasi.
Nimeshaizungusha kidoleni mara nyingi.
Bisibisi iko droo ya juu.
Acha kwanza nimalize sare hii.