Mikono Tu

Vitanzi sita. Unganisha. Duara.
Hivyo ndivyo ninavyoanza kila mara,
taa ya ghala ikilia juu ya kichwa changu kama nyenje,
na marobota ya mkonge nyuma yangu
bado yananuka shamba, ingawa yalikauka zamani.

Mimi ni mlinzi. Chumbageni, karibu na reli.
Nina kirungu, filimbi,
na tochi inayotaka kofi ndipo iwake.
Wenzangu huufukuza usingizi kwa redio na kahawa.
Mimi naufukuza kwa kroshia.

Nilijifunzia Bombo.
Mke wangu alilala pale miezi miwili na nusu,
na kitanda cha jirani alilala Bi Mwanahamisi wa Muheza,
aliyekatwa mguu, lakini vidole, alisema,
havijaambiwa habari hiyo.
"Shemeji, acha kuhesabu mbao za dari. Shika hapa."
Nikashika.
Kitambaa cha kwanza kilipinda kama chapati ya mtoto.
Cha pili kilimchekesha mke wangu.
Cha tatu hakukiona kikiisha.

Miaka saba nafuma. Makochi ya majirani yamevaa,
tivii zimevaa, hata jokofu la muuza barafu
lina kitambaa chenye pembe nane.
Sikuuza hata kimoja. Nani anunue kwa mlinzi?
Na nani amwambie mwenye ghala
anachokesha nacho mtu wake?

Mejumaa, binti yangu, ndiye aliyeifunga simu
kwenye kopo la rangi kwa mpira wa baiskeli.
"Baba, uso hapana. Mikono tu. Na usikohoe."
Maneno akaandika yeye, chini, kwa herufi za njano:
zungusha uzi, ingiza, vuta, toa mara mbili.
Somo la kwanza bure. La pili bure.
La tatu, lenye ua la nanasi, elfu mbili.
Nikasema, mtoto huyu atatutia aibu.
Alfajiri, nakabidhi zamu,
simu ikatetemeka mfukoni: elfu mbili.
Kabla sijafika Barabara ya Ishirini: elfu mbili, tena elfu mbili.
Nikashuka. Nikaisukuma tu baiskeli.
Mtu hapandi baiskeli na habari kama hiyo.

Ila walikuwa wananiita dada.
Dada, una mkono mwepesi.
Dada, hiyo pete ya shaba umeinunua wapi?
Bwana mmoja wa Kahama akauliza kama nimeolewa.
Mejumaa alicheka hadi akakaa chini.
Mimi nikaitazama mikono yangu:
kovu la panga, ukucha wa gumba uliokufa mwaka wa mafuriko.
Dada walimwona wapi hapo?
Labda walimwona Bi Mwanahamisi.
Sindano nayo hurithi namna ya kushikwa.

Mwezi ulioleta laki moja na arobaini
(mshahara wangu sitaki kuutaja,
tuseme uliinamisha kichwa)
nikamwambia Mejumaa: leo sauti.
"Watakimbia, baba."
Wakimbie.

Vitanzi sita, nikasema. Unganisha. Duara.
Sauti ikatoka kama geti la ghala.
Wakakimbia kweli, thelathini na mmoja usiku ule,
na mmoja akadai elfu mbili zake.
Nikamrudishia. Na ya kutolea nikaweka.

Bwana wa Kahama akanyamaza siku tatu.
Ya nne akaandika:
Kaka, na mimi ni mlinzi. Mgodini.
Usiku wa huku ni mrefu sana.
Hiyo kroshia inauzwa duka gani?

Nikamtumia somo la kwanza.
Kisha la tatu pia, lile la nanasi,
Mejumaa asijue.