Herufi ya Mkate

Nyuma ya kinyozi, mtaa wa Bexiga, São Paulo,
Deolinda alipanga gazeti letu
kwa vidole vilivyochunwa na sabuni ya nguo za watu.
Mchana dobi, usiku mpiga chapa.
Mimi, miaka tisa, nilishika taa.

Polisi alipouliza kama tuna risasi humu ndani,
alimjibu: sanduku zima,
akamfungulia droo ya herufi.

Usiku ule d zilituishia.
Neno uhuru, kwa Kireno, huzitaka mbili,
na Eleutério, bawabu wa benki
aliyeandika makala nyuma ya stakabadhi zilizotupwa,
alilitaja mara kumi na moja.
"Tulipunguze," kinyozi akasema.
"Lipi kati ya hayo?"
Kinyozi akarudi kunoa wembe.

Basi akalivunja tangazo la mwoka mikate,
akang'oa p, akaipindua kichwa chini,
ikasimama d.
Akang'oa nyingine. Na nyingine.
Mkate ukatoka na mapengo
kama kinywa changu mwaka ule.
Mwoka mikate hakulipa. Tulikunywa uji wiki mbili.

Eleutério siku hizi ana barabara, fupi, yenye jina lake.
Deolinda hana.
Lakini nakala moja imesalia kwangu, ya manjano,
na d zile hazijatulia:
zimepanda juu kidogo ya mstari
kama watu wanaochungulia
juu ya ukuta
kuona kama mkate umeiva.