Damu ya Mtu Asiyekuwepo

Kila asubuhi, kabla Nyawera haijaanza kupiga honi,
nampima mtu asiyekuwepo.

Hana jina. Ana namba ya chupa
na tarehe ya kufa kwake, imechapwa tangu kiwandani.
Hajawahi kupanda ngazi za udongo za Kadutu,
hajaonja kasiksi, hajaumwa na mbu,
lakini sukari yake naijua kuliko ya mama yangu:
tisini na sita.
Ikivuka mia na mbili, ikishuka chini ya tisini,
basi mwongo ni mashine, au mwongo ni mimi.

Akinijibu nililokwisha kulijua,
ndipo nafungua mlango
kwa wale ambao majibu yao siyajui.

Daktari Cirimwami hapendi.
"Dawa za mashine ni dola, Nshobole.
Kila siku unalisha mzimu."
Ni kweli. Mzimu wetu anakula dola arobaini kwa mwezi
na hajawahi kulipa hata faranga ya kadi.

Jumanne usiku umeme ulikatika.
Asubuhi friji ilikuwa inatoka jasho,
na mlangoni pake ile karatasi ya joto
aliyoijaza Pacifique kwa kalamu moja, kwa mkao mmoja:
nyuzi nne, nyuzi nne, nyuzi nne,
nyuzi nne hata Jumapili tulipokuwa tumefunga,
nyuzi nne Ijumaa, ambayo ilikuwa bado haijafika.

Nikampima mtu asiyekuwepo.
Mia na arobaini na moja.
Nikanawa, nikabadili glavu, nikarudia.
Mia na thelathini na nane.
Usiku mmoja tu, na asiye na mwili
amepata kisukari.

Kwenye benchi, mama kutoka Bagira,
kitenge kimelowa mvua hadi magotini.
Mtoto amemwegemea, midomo mikavu.
"Anakunywa maji kama mtu aliyekula chumvi," alisema,
"na usiku anakojoa mpaka godoro limekata tamaa."

Daktari alisimama mlangoni, akanong'ona:
toa namba, mimi nitaisoma pamoja na uso wa mtoto.

Nilitamani kuitoa. Niseme kweli.
Mkono ulikuwa umeshashika sindano.
Lakini namba ikishaandikwa haina aibu,
haitasema ilizaliwa wapi.
Itarudi nao Bagira, itafika kwa daktari mwingine,
na mtoto atachomwa dawa
kwa ugonjwa wa friji yetu.

Nikachora mstari mwekundu kwenye daftari.
Nikaandika: *Leo hatupimi. Mashine haijasema kweli.*
Nikavua koti jeupe, nikawapandisha teksi
hadi maabara ya watawa, nikalipa mimi.
Njiani mtoto alilala begani kwangu,
mzito, wa moto, yupo kabisa.

Majibu yake sikuyaona. Hayakuwa yangu.
Siku tatu daktari hakunisalimia.

Mwezi uliofuata mkaguzi alikuja, Bwana Balagizi,
na miwani iliyofungwa kwa uzi.
Alipekua karatasi za friji polepole,
nne, nne, nne, kama mtu anayehesabu usingizi wa mwenzake.
Pacifique alitazama dari.
Kisha akafika kwenye mstari mwekundu,
akauweka kidole, akakaa.
"Hapa," alisema, "ndipo nilipokuta mtu kazini."

Nikafurahi mapema mno.
Alituandikia onyo chini ya sinki,
kwa lile sanduku la sindano
lililojaa kupita alama yake,
ambalo mama Nankafu hulibeba mikononi kila Jumamosi
akiwa amevaa kandambili,
na ambalo mimi, mlinzi wa ukweli,
nililiruka kwa mguu majuma mawili.

Leo kuna chupa mpya. Mtu mwingine asiyekuwepo.
Nimelihamisha sanduku, nimemnunulia mama Nankafu buti.
Sasa namwamsha, taratibu, kwa joto la kiganja.
Umeme upo, kwa sasa.