Nyuzi Nne, Pasua

Miaka sita nilimjua kwa mfuniko.
Sufuria la mtori likianza kutetemeka
kabla halijachemka,
nilijua ameshachomeka waya,
na leo ni Ijumaa.

Kati yetu kuna ukuta wa matofali ya kuchoma.
Gitaa la solo halipiti. Mwimbaji anafika nusunusu,
kama mtu anayeongea huku anapiga mswaki.
Lakini besi haibishi hodi.
Inapita chini, kwenye sakafu,
inapanda kwa kandambili, inakaa gotini,
nami ninayemenya ndizi najikuta
nakata mbili, naacha moja, nakata mbili.

Wala sikuwahi kutamani kumwona.
Nani humtazama mpiga besi?
Yuko nyuma, ubavuni mwa dramu,
shati kalichomekea kama karani wa ushirika,
macho kwenye viatu vyake.
Noti hubandikwa vipajini mwa waimbaji.

Ile siku ya kipaimara cha mtoto wa Mama Ndeanka,
Kandidi wa solo alikata uzi
katikati ya sebene.
Akainama kutafuta mwingine begini.
Mpiga kinanda alikuwa nje, na simu sikioni.
Dramu zikabaki zinatembea peke yake
kama abiria aliyeshushwa stendi usiku.

Ndipo mfuniko wangu ukaanguka.

Sikuuokota. Nilitoka na kisu mkononi,
utomvu wa ndizi umeniganda viganjani,
na nilipomwona, Mungu wangu,
kumbe ni Elinisafi!
Yule Mpare wa mashine ya kukobolea kahawa,
mwenye baiskeli isiyo na breki,
anayedaiwa maandazi mawili tangu Pasaka.

Alishika sauti moja tu.
Akaitamia, kama kuku anavyotamia yai,
hadi watu wakageuka kuona kuna nini.
Kisha dole gumba likauchapa uzi mnene, gbum,
na kidole cha shahada kikaudokoa mwembamba
jinsi unavyodokoa nyama jikoni
mwenye nyumba akiwa ukumbini.
Mkono wa kushoto ukapanda shingo ya gitaa,
vidole vinne vikipishana
bila kukanyagana,
ukafika juu kabisa, kule ambako besi
husahau kuwa besi, ikalia kama kitoto,
na kutoka huko akauachia ukateleza.

Nimezaliwa Uru. Najua mfongo
unapofunguliwa alfajiri, zamu yenu ikifika:
kwanza kimya,
kisha unasikia udongo mkavu unakunywa.
Ilikuwa vile.

Watani husema Mpare haachii noti.
Usiku ule aliziachia.
Tena nyingine alizibana, akanyamaza kabisa,
akatuacha tumesimama na vijiko hewani,
na naapa, pale alipokuwa hapigi
ndipo nilipomsikia zaidi.
Mtoto wa kipaimara, aliyekuwa kalala juu ya viti viwili,
aliamka akaenda kuweka kiganja kwenye spika.
Mpiga dramu aliweka vijiti mapajani.
Kandidi alikuwa ameshafunga uzi wake mpya,
akasimama nao tu.

Sijui ilichukua dakika ngapi.
Alipomaliza hakuinua uso.
Aliurudisha wimbo mahali alipoukuta
kama mtu anayerudisha jembe la jirani,
limeoshwa.

Saa saba usiku alikuja dirishani kwangu,
bakuli amelipakata kwa viganja,
ncha za vidole amezikunja ndani, hazigusi kitu.

"Kumbe wewe ndiye unayepika."
"Kumbe wewe ndiye unayepiga."

Tulicheka kidogo, kama watu
waliokuwa wakisalimiana gizani miaka yote.
Nikamwongezea nyama. Maandazi sikuyataja.
Akaonja, akatulia, akaonja tena.
"Chumvi," akasema.

Kweli. Nilikuwa nimesahau.