Vipimo vya Mshazari

Nililinunua mnadani, milioni tatu na laki mbili,
Landrova la mradi wa visima. Mlangoni
nembo imebanduliwa, kivuli cha tone la maji kimebaki.
Dalali akalipiga bodi kofi: "Chuma cha zamani hiki, mzee!"
Nikanyamaza. Miaka tisa nililiendesha mimi.

Kizota, gereji ya Ndahani. Upepo wa Julai
unatembeza vumbi na mifuko chini ya turubai.
Ndahani haamini rangi. Amelala chali juu ya boksi,
anagonga reli za chesisi kwa nyundo ndogo
kama mtu anayechagua tikiti sokoni:
ngii, ngii, ngii, halafu, karibu na hanga ya springi ya nyuma,
puu.
Bisibisi ikazama hadi mpini.
"Hiyo ni kutu tu," akasema, "kutu haina maneno.
Nishikie kamba."

Akaning'iniza timazi kwenye kila tundu la bolti,
akatia chaki sakafuni pale ilipotulia ncha,
tukalisukuma pembeni.
Zikabaki nukta nane juu ya saruji,
gari zima, bila gari.
Nilishika mwisho wa futi.
Kushoto mbele hadi kulia nyuma: mia mbili arobaini na moja.
Kulia mbele hadi kushoto nyuma
alipima mara mbili.
Mia mbili thelathini na nane na nusu.
"Lilipigwa kona hii. Zamani. Ona, kuna rangi juu ya mkunjo.
Aliyelipiga alijua."

Chipogolo, saa nane usiku, bila karatasi ya safari,
nyuma magunia kumi na manne ya karanga za shemeji yangu.
Korongo halikuwa na maji, lilikuwa na kingo tu.
Alfajiri nikaliosha, nikanyoosha bampa kwa gogo,
na kwenye daftari la gari nikaandika: Hakuna tatizo.
Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku hizo.

Baada yangu akapewa Chilongani.
Gari likamvuta kulia, likala tairi, seti tatu kwa mwaka.
Wakubwa wakasema anauza mpya, anafunga kuukuu.
Hakuwa na la kuonyesha ila mikono.
Nilikuwepo kwenye kikao kile. Nilikula maandazi mawili.

Siku tatu Ndahani alilinyoosha:
mnyororo kwenye nguzo iliyozikwa kwa zege,
jeki ya tani ishirini, moto wa gesi ukichungulia kwa mbali,
maana chuma kikiiva, alisema, kinasahau kazi.
Anavuta, analegeza, anapima.
Anavuta kupita kiasi, kwa sababu kitarudi.
Usiku alikiacha vivyo hivyo, kimevutwa,
nami kitandani Chang'ombe nikakisikia.

Waliosema tuzibe ufa walikuwa wajenzi wa nyumba.
Ufa wa chuma kwanza unautoboa,
tundu la duara mwishoni kabisa mwake,
ufike hapo ukose pa kwenda.
Ndipo unachomelea.
Kutu aliikata yote hadi chuma cheupe,
akapachika bamba lenye ncha mbili kama kishada,
kwani mshono uliokatiza wima
ndipo reli itakapokatikia safari ijayo.

Tukapima tena. Milimita tatu zimebaki.
"Hizo tuwaachie waliolitengeneza," akacheka,
akijisugua grisi kwa mchanga. Halafu, bila kuniangalia:
"Ulikuwa umebeba nini?"
"Karanga."
Akaguna. Akaandika bei.

Jumamosi nakwenda Hombolo.
Nasikia Chilongani ana bustani ya nyanya karibu na bwawa,
baiskeli, na mgongo mbovu.
Sijui nitaanzaje. Labda nimpe ufunguo tu,
na tukifika kipande kile kirefu kisicho na miti
nimwambie aachie usukani,
ahesabu hadi kumi.