Migongo Saba

Mimi huendesha nyuma ya wote. Ndiyo kazi niliyopewa
chini ya mnara wa saa, Moshi, alfajiri ya Jumatatu:
pampu, gundi, viraka kumi na viwili,
spana ya namba kumi na tano,
na macho ya kuhesabu migongo saba hadi irudi saba.

Kwa hiyo usiniulize sura zao.
Niulize mgongo wa Ndeshukuruwa, mkunga mstaafu,
ulionyooka kama mlango;
wa Mbonea, unaoyumba kila anaposema hajachoka;
wa Aikande, ndani ya shati la marehemu mumewe,
jezi ya kiwanda kilichofungwa zamani,
juu ya Swala yenye keria ya mikungu ya ndizi.
Baiskeli hii, alisema, imekwenda sokoni miaka ishirini.
Acha nayo itembee bure.

Himo tuliimba. Mwika tukanyamaza.
Vilima vya Rombo havina adabu:
ukidhani umefika, unaonyeshwa bega jingine.
Mvua ikatukuta Mashati, tukala kiburu cha baridi
darasani, kwenye madawati ya watoto,
magoti yakigonga mbao.
Tulikuja kuuzunguka mlima, na mlima siku zote hizo
ulijifungia ndani kama mwenye deni.

Tarakea tuligombana. Naona aibu kuandika:
shilingi elfu tatu za maharage.
Elirehema akafunga baiskeli yake juu ya basi
akaondoka bila kuaga,
na mimi usiku mzima nikahesabu sita,
nikaanza upya, sita.

Mbele hakukuwa na lami.
Vumbi la Kamwanga lilitupaka rangi moja,
Mpare na Mchaga, mkunga na mkopaji.
Viraka viliisha. Tairi la Mbonea likachanika ubavuni,
urefu wa kidole, jeraha lisilosikia gundi.
Kijana mwenye mbuzi alisimama akatazama.
Hakuuliza kitu. Akavua katambuga,
akakata kipande cha kisigino, akanipa.
Nikakilaza ndani, nikajaza upepo.
Tairi lililokuwa kiatu likawa tairi tena,
naye akarudi kwa mbuzi wake
akichechemea kidogo, akicheka.
Jina lake sikulishika. Kisigino chake
kilitubeba kilomita themanini na ushee.

Kutoka Sanya Juu barabara inashuka yenyewe.
Miguu ikapumzika, mara ya kwanza tangu Jumatatu.
Nikageuka kutazama kama kuna lori.
Hakukuwa na lori.
Kulikuwa na mlima, mzima, kichwa cheupe,
karibu kiasi cha kutaka kuusalimu.

Tulikuwa tumekubaliana: kengele moja, punguza;
mbili, lori; tatu, pancha.
Ya uzuri hatukuipanga.

Nikapiga tatu.

Breki zikalia. Nani tena? akafoka Mbonea.
Nikanyoosha kidole.
Na migongo ikageuka, mmoja mmoja, ikawa nyuso.
Aikande alikuwa na vumbi hadi kwenye kope,
na michirizi miwili safi iliyoanzia hapo.
Hakuna aliyepiga picha. Ndeshukuruwa alisema tu,
Kumbe ulikuwepo,
kwa sauti ya kumwambia mtoto aliyechelewa kuzaliwa.

Boma Ng'ombe, penye njia panda, mtu alikaa juu ya jiwe
na baiskeli, na hotipoti.
Elirehema hakuomba radhi. Akafunua kifuniko.
Maharage, ya nazi.
Tukala tumesimama, kijiko kimoja kikizunguka,
na hakuna aliyetaja elfu tatu
ila Mbonea, mdomo umejaa, nasi tukacheka
hadi maharage yakatutoka puani.

Kuelekea Moshi upepo ulikuwa usoni.
Wa mbele akichoka anarudi nyuma, mwingine anaingia,
hivyo hivyo, bila amri.
Kwenye mnara wa saa nikahesabu kwa sauti, kama nilivyoagizwa:
tano, sita, saba.

Nane,
akasema Ndeshukuruwa, bila kugeuka.