Meno Bubu

Fundi wa Barabara ya Nane alikitazama kinanda
bila kukigusa, kama daktari anayemwogopa mgonjwa,
akasema: elfu arobaini, njoo Ijumaa.
Hakusema Ijumaa ya mwezi gani.

Nikakirudisha Ngamiani kichwani,
nimekifunika kanga, manyunyu ya vuli yakininyemelea,
na Mishi nyuma yangu akihesabu
meno yaliyokufa: fa ya chini, la zote mbili,
so ya katikati, na lile jeusi
ambalo hata jina lake hatulijui;
tunaliita Jirani, maana lipo na halisalimii.

Mimi ni mshonaji.
Kitu chenye skrubu hakinitishi.
Nikatandika shuka jeupe sakafuni
ili kitakachodondoka kionekane,
nikakilaza kifudifudi,
na bisibisi ya cherehani ikaanza kazi.
Skrubu thelathini na moja.
Ndefu kwenye kisosi, fupi kwenye kifuniko cha kopo.
Ya mwisho ilikuwa imelewa kutu;
nikaidondoshea mafuta, nikaipa muda,
nikaenda kuchambua mchicha.

Tumbo likafunguka.
Sikutarajia kuzikuta harusi zote za Makorora mle ndani:
punje za mchele, poda, shanga za gauni la mtu,
sisimizi waliokaukia safarini,
ua la asumini jeusi kama karafuu,
na sarafu ya shilingi hamsini
ambayo Mishi aliapa nimemwibia mwaka juzi.
Nikampa. Hakuomba radhi.

Chini ya meno kuna ukanda wa mpira wenye vivimbe,
laini kama ufizi wa mtoto,
na ndani ya kila kivimbe, kitone cheusi.
Kitone kikigusa shaba, sauti inatoka.
Ndiyo siri yote. Miaka yote nadhani ni uchawi,
kumbe ni kugusana.
Na chumvi ya mji huu ilikuwa imeingia kati yao,
ileile inayokula mabati na bawaba,
imeigeuza shaba kijani kama shingo ya njiwa.

Nikasugua kwa spiriti na pamba ya masikio.
Umeme ukakatika, ungeacha lini?
Mishi akashika tochi ya simu,
mkono ukimchoka taratibu, mwanga ukiteremka
kutoka kwenye shaba hadi gotini kwangu.
Inua. Akainua. Inua. Akainua.
Vitone viwili vilikuwa vimechujuka;
nikavipaka penseli ya shule, mara tatu, kama wanja.

Kufunga ni ugomvi mwingine.
Skrubu moja ilibaki, na mpaka leo
sijui mwenyewe ni nani. Iko kwenye kopo la vifungo.

Umeme uliporudi, saa tano usiku,
fa ikaamka. La, na la.
So ikakohoa, kisha ikatengemaa.
Jirani akabaki kimya.
Nikamwambia Mishi: piga.

Akapiga kile kipande anachofungulia harusi,
na vidole vyake vikairuka fa.
Vikairuka so. Kama mtu anayemvuka paka
aliyezoea kulala mlangoni,
na paka kahama tangu Mfungo Tatu.
Akasimama. Akarudia. Akaruka tena.

Hapo ndipo nilipomsikia.
Penye pengo, koo lake lilikuwa likijaza,
upesi, chini kwa chini, noti iliyokosekana.
Miaka mitatu alikuwa akishona kwa sauti
pale kinanda kilipochanika,
na watu wakimtuza
bila kujua wanatuza nini.

Akanitazama kama niliyemchukulia kitu.
“Sasa hii niifanyie nini?” akauliza, akigusa shingo.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na grisi vidoleni
na gauni la mteja lisilotiwa pindo.

Akabonyeza Jirani. Kimya.
Akabonyeza tena, safari hii akaiimba mwenyewe,
nyembamba, imenyooka kama uzi uliolowanishwa mate.
Nikaifuata bisibisi mezani.
Akaniwahi mkono.
“Huyu,” akasema, “muache.”